Milango ya Watu wa Seme

Dada yangu Rehma Obeid aliacha ualimu akiwa na miaka thelathini na saba, na sababu aliyompa mwalimu mkuu ni kwamba amechoka kusahihisha michoro ya watoto. Mwalimu mkuu alicheka, akidhani ni mzaha. Mimi nilijua si mzaha. Nilikuwa nimemwona jikoni kwetu Kaloleni, kalamu nyekundu mkononi, akilitazama jua la kijani alilochora mtoto wa darasa la nne, akishindwa kulipatia alama.

Tulizaliwa wawili tu, yeye na mimi Amirah. Babu mzaa baba alitoka pwani akifuata kazi ya reli, akafika Kisumu, akabaki. Mama yetu ni mtu wa Seme, kule chini kabisa ziwani, mwendo wa miguu kutoka soko la Kombewa. Alisilimu alipoolewa, lakini hakuwaacha watu wake. Kwa hiyo tulikua watoto wa mji wenye wajomba ufuoni. Kijaluo chetu ni cha kuungaunga, ila kinatosha kulia nacho matangani.

Kazi ya kwanza ya sanaa iliyomtambulisha Rehma ilikuwa Obunga, mtaa wa hapa Kisumu, mwaka wa 2016. Pale kuna wanawake wanaokaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa. Rehma aliomba ukumbi, akatandika mikeka, akawaweka wakaangaji mlangoni na makarai yao. Kila aliyekula aliombwa ausafishe uti wa samaki wake, aufunge kwenye uzi, autundike darini, na wakati anautundika ataje kwa sauti kitu kimoja alichonyimwa maishani.

"Mimi nilinyimwa shule," mmoja alisema.

"Mimi nilinyimwa talaka," akasema mwingine, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Siku ya nne dari ilikuwa imeshuka pazia la mifupa myeupe, mamia, ikigongana kila upepo ukiingia. Paka wote wa Obunga walihamia pale. Nilimwuliza, "Sasa dada, hapo msanii ni nani?"

"Aliyekula," akajibu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa raha yake: kazi isiyokamilika mpaka watu waiingie. Alifanya nyingine Busia, nyingine Nakuru. Akaanza kualikwa kwenye mikutano, jina lake likachapishwa kwenye vitabu vya maonyesho. Nilimwonea fahari. Nalisema hili mapema kwa sababu nitakayoyasimulia baadaye yana mkono wangu ndani yake.

Mwaka wa 2020 ziwa likapanda. Halikuja kwa kishindo kama mto uliovunja kingo. Lilisogea polepole, kidole kimoja kwa siku, kama mtu anayekusukuma kwenye benchi huku ameangalia kando. Lilichukua vyoo kwanza, kisha mihogo, kisha nyumba. Boma la mjomba wetu lilikwenda, na maboma ya majirani zake wote. Mama aliomba apelekwe akaone, tukapanda mtumbwi sote watatu.

Kuta za udongo zilikuwa zimeyeyuka. Lakini fremu zilizochimbiwa vizuri zilikuwa bado zimesimama majini, na milango imo. Tulipita mbele ya mlango mmoja uliofungwa kwa kufuli. Kufuli zima, mlango mzima, na nyuma yake hakuna kitu, ni maji na magugu tu. Mama alijifunika uso kwa leso akalia. Rehma hakulia. Alitazama, na mimi nikamtazama yeye, nikajua kazi imeshamwingia.

Wiki iliyofuata alirudi Seme na daftari. Watu walikuwa wamehamia uwanja wa kanisa, kwenye mahema na vibanda vya maturubai, wengine wamejibanza kwa jamaa. Aliwatembelea mmoja mmoja. Aliandika jina, mlango ni wa mbao au wa bati, ulikuwa wa nyumba gani, mwenyewe amehamia wapi. Kila mahali aliwaambia maneno yaleyale: "Hii ni kazi ya sanaa. Mimi si serikali. Sileti msaada. Naomba tu kuuazima mlango wako, na wewe mwenyewe uje usimame nao." Nilikuwepo, niliyasikia kwa masikio yangu. Watu waliitikia. Vijana waliogelea wakaing'oa iliyobaki majini. Mingine wenyewe walikuwa wameiokoa na kuiegemeza vibandani. Ikatimia arobaini na mitatu.

Nalini, rafiki yake tangu shule ya sekondari, ana duka la mbao na vyuma karibu na Kibuye. Alitoa nguzo, bawaba na lori. Siku ya kupakia alimvuta Rehma kando.

"Hawa watu wamekuelewa?"

"Wamenielewa, Nalini. Nimewaeleza mpaka koo limekauka."

"Umewaeleza, sawa. Mimi nauliza kama wamekuelewa."

Rehma alimwambia asimharibie siku.

Milango ilisimamishwa Kisian, kwenye kiwanja wazi kando ya barabara ya Busia, mapema mwaka wa 2021. Milango tu, haina kuta, kila mmoja umeelekea upande wake. Utaratibu ulikuwa mwepesi. Mgeni anachagua mlango, anabisha, anangoja. Mwenye mlango amekaa upande wa pili kwenye kigoda. Akitaka anafungua, na akifungua anasimulia jambo moja lililotendeka ndani ya nyumba ile. Asipotaka, anakataa, na mgeni anaondoka.

Kwa siku tatu madereva wa malori waliegesha, wanafunzi wakaja, masista wakaja, wauza nyanya wa pale Kisian wakaacha mafungu yao. Mzee Joram, fundi baiskeli, hakumfungulia hata mtu mmoja. Ukibisha, sauti inatoka: "Hapana." Mwalimu mmoja alimzunguka akamwuliza kwa adabu mbona hafungui. "Maji hayakubisha," Joram alisema. "Sasa mnabisha nyinyi, mnataka niwashukuru?"

Aliyependwa kuliko wote alikuwa Dorca, mjane wa miaka sabini na kitu, mwenye mlango wa mbao wa rangi ya buluu. Alimpa mkono kila mgeni, na hakurudia hadithi. "Hapa nilijifungua pacha peke yangu, mkunga akafika wamekwisha kulia." "Hapa nilimficha ng'ombe wa jirani wezi walipopita." Nilipobisha mimi, alinionyesha fremu iliyokatwa na kuungwa tena kwa juu.

"Ona hapa. Jeneza la mzee wangu lilikataa kupita. Wakaleta msumeno. Nikawaambia, kateni, lakini mrudishe vile ilikuwa. Hawakurudisha vizuri. Mvua ilikuwa inaingia hapo miaka kumi na mbili."

Nililia kama mtoto. Rehma alinishika bega, uso wake unang'aa, na nadhani huo ndio wakati wa mwisho nilipomwona amefurahi.

Alasiri ya siku ya tatu wageni walipoisha, tulikuwa tunawagawia wenye milango chai na mandazi. Dorca alinawa mikono, akaja akaketi karibu na dada yangu.

"Nyar Obeid," alisema. Ndivyo walivyomwita kule, binti Obeid. "Tumefanya kazi vizuri?"

"Vizuri sana, Mama. Ero kamano, asante."

"Sasa ni lini?"

"Lini nini, Mama?"

"Lini mnatujengea."

Rehma aliweka kikombe chini. Akaeleza upya, polepole, kwa Kiswahili, kisha kwa Kijaluo chetu kile cha kuungaunga, nami nikimsaidia: hakuna kujengewa, hakukuwa na kujengewa tangu mwanzo, alisema hivyo nyumba kwa nyumba. Wenye milango walisogea mmoja mmoja wakasikiliza. Hakuna aliyekasirika. Hilo ndilo lililotisha. Walisikiliza kwa uvumilivu, kama watu wanaomsubiri mtoto amalize kudanganya.

"Tulikusikia," Joram alisema mwishowe. "Hata ile siku ya kwanza tulikusikia. Lakini wewe uliandika majina kwa kitabu. Uliandika mlango ni mbao ama bati. Uliandika mtu amehamia wapi. Nani anaandika hivyo bure? Tukasema huyu anaficha, ndio watu wasijae. Tukanyamaza, tukakusaidia kuficha."

Rehma aliinuka akaenda nyuma ya milango, nikamkuta amepiga magoti nyasini anatapika. Siku tatu zile zote, aliponiambia "wanajua wanachokifanya kuliko mimi," watu walikuwa wanafanya usaili. Dorca alikuwa akitafuta kila siku hadithi mpya ili jina lake lipande juu kwenye orodha.

Kwa miezi kadhaa alijaribu kuigeuza kazi iwe ile waliyoiamini. Alipeleka majina yao kwa chifu, akayapeleka ofisi za mjini, akaandika barua kwa mashirika. Alipewa kiti, akapewa soda. Ofisa mmoja alikuwa amepita Kisian na familia yake, akamsifu, akasema kazi ilimgusa sana. Rehma alipomuuliza kuhusu makazi ya watu wale, alisema faili lipo.

Ndipo ukaja mwaliko kutoka Ulaya. Jumba la maonyesho lilitaka milango, miezi sita, miji miwili. Milango, si watu. Wenye milango wangerekodiwa sauti zao na sauti zingewekwa kwenye mashine. Rehma alikataa. Mimi ndiye niliyemwambia akubali. Nilimwambia, "Dada, hapa umeongea na kuta. Huko kuna watu wenye uwezo. Mmoja tu akiguswa, hawa wazee wanapata nyumba." Niliyarudia maneno hayo wiki nzima. Nilitaka pia, siwezi kuficha, kusema msikitini kwamba dada yangu yuko Ulaya.

Tulikwenda uwanja wa kanisa kuwaomba ruhusa. Wakati huo milango mingi ilikuwa imefungwa kwenye vibanda vyao, inazuia upepo.

"Ukienda na milango, sisi tutafunga na nini?" Joram aliuliza.

"Nitaleta maturubai mazito. Ni miezi sita tu, Mzee."

Watu walimgeukia Dorca, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa.

"Peleka," alisema. "Wacha waone. Labda hawajui."

Rehma aliondoka mwanzoni mwa 2022. Kwenye simu alinieleza ukumbi ulivyo: sakafu inayong'aa, ukimya, milango yetu imepigwa taa kama vito. Mgeni akibisha, kifaa kinasikia, sauti inatoka kwenye spika ndogo. Watoto wa shule waligundua kwamba ukibisha haraka haraka Dorca anasema "Karibu, karibu, karibu," wakawa wanakimbia huku na huku wakimbishia na kucheka. Kuna mama mmoja alisimama mbele ya mlango wa Joram akalia, kisha akampa mwenzake simu ampige picha akilia. "Hawana ubaya," Rehma aliniambia. "Amirah, hawana ubaya wowote. Ndiyo maana sijui nimkasirikie nani." Katika mikutano ya jioni aliwaambia habari ya nyumba. Walisikiliza wakiinamisha vichwa. Wakauliza ataleta nini tena.

Mvua ya masika ya mwaka ule ilikuwa ya upepo. Turubai tulilompa Dorca lilipasuka kwenye fundo, akalishona kwa uzi wa gunia, likapasuka tena. Mwezi wa tano alianza kukohoa. Joram alimpakia kwenye baiskeli akampeleka hospitali pale Kombewa, wakamlaza, wakampa dawa na hewa, wakamhangaikia kwa kweli. Nilikwenda kumwona. Alinitambua.

"Wameona?" aliniuliza.

Nilisema wameona.

"Wamesema nini?"

Nilisema wamependa sana. Alifumba macho. Alikufa siku mbili baadaye, mapafu yamejaa.

Rehma alirudi kwa mazishi, na mazishi yenyewe yakawa msiba juu ya msiba. Mjaluo huzikwa bomani kwake, mwanamke pembeni mwa mumewe. Boma la Dorca lilikuwa chini ya maji ya kiunoni, na kaburi la mumewe humo humo. Shemeji zake walibishana asubuhi nzima. Mwishowe kanisa lilitoa kipande cha ardhi ukingoni mwa uwanja, akazikwa ugenini. Shemeji yake mkubwa alisimama mbele ya watu wote akamwuliza dada yangu, bila kupandisha sauti:

"Kama boma hakuna, basi angalau mlango wake ungekuwa hapa, tuuweke hata juu ya kaburi, tujue ametoka kwake. Mlango uko wapi, nyar Obeid?"

Rehma alisema utarudi maonyesho yakiisha. Aliamini hivyo.

Tuliungoja miezi saba. Barua ilifika Januari ya 2023, nami ndiye niliyeisoma kwa sauti kwa sababu macho yake yalikataa. Ilikuwa barua ya upole mno. Wakati wa kufungasha, walisema, wadudu wa kutoboa mbao waligunduliwa ndani ya milango kadhaa. Kwa sheria za nchi ile kuhusu mimea na wadudu, milango yote ya mbao, ishirini na minane, iliteketezwa. Walisikitika sana. Walikuwa wamepiga picha za kila mlango kwa ubora wa juu, na wangefurahi kumtumia. Ile kumi na mitano ya bati ingerudishwa.

"Soma tena," alisema. Nikasoma tena.

Alikataa nimsindikize kwenda kuwaambia. Nilimfuata tu. Alikwenda kwa wote, wa mbao na wa bati, kibanda kwa kibanda, naye akamwambia kila mmoja habari ile akiwa amesimama, hakukubali kiti. Nilitamani watupige. Mwanamke mmoja alicheka, akamwita mumewe aje asikie. Mwingine alisema, "Hata hiyo," akaendelea kupepeta mtama. Shemeji ya Dorca aligeuka akaingia ndani. Mzee mmoja aliuliza kama kuchomwa kwa mlango wake maana yake jina limefutwa kwenye orodha, au orodha bado iko.

"Hakuna orodha, Mzee," Rehma alisema. "Wallahi hakuna orodha."

"Sawa," mzee alisema. "Ikitokea, unijulishe."

Joram, ambaye mlango wake ulikuwa wa bati, alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Wewe si mtu mbaya. Nenda nyumbani." Nafikiri hilo ndilo lililommaliza.

Ile ya bati ilirudi mwezi wa nane, imefungwa kwa plastiki na povu, kila mmoja na namba yake. Nalini alitupa lori tena. Kati ya wenyewe kumi na watano tuliwapata sita. Wengine walikuwa wametawanyika kwa watoto wao, Migori, Nairobi, wengine wamekufa. Iliyobaki iliachwa kanisani, ikatumika kuziba pengo la ua.

Mwaka wa 2024 ziwa lilipanda tena. Safari hii karani alikuja kweli, na fomu za kweli, kuandikisha waliofukuzwa na maji ili wapewe kianzio cha kujenga. Habari zilitufikia zimechelewa. Kaya karibu ishirini za uwanja wa kanisa zilikuwa zimekataa kujiandikisha. Karani alipowauliza sababu walimwambia, sisi tulishaandikwa zamani, tukiandikwa mara mbili tutaonekana wezi. Rehma alipolisikia hilo alitoka bila viatu. Alichukua pikipiki mpaka kule, akawakusanya, akawaapia, akawasihi. Wachache wakakubali kwenda naye ofisini. Fomu zilikuwa zimefungwa siku nne kabla. Aliketi kwenye ngazi za ofisi ile mpaka askari akamwambia kwa huruma, "Mama, hata ukikaa hapa mwezi, haifunguki."

Tangu hapo hajagusa kazi. Tunaishi wawili Kaloleni. Mama alitutoka mwaka jana. Barua pepe za Rehma nazifungua mimi. Chuo kimoja kinafundisha habari za milango ile, na wanafunzi wanamwandikia kuuliza alikuwa anamaanisha nini kwa ukimya wa mlango wa Joram. Sijibu, na yeye hataki kujua.

Mwezi uliopita nilimwomba anisaidie kupaka ukuta wa chekechea ninakofundisha. Nilimwambia si sanaa, ni ukuta tu, apake twiga, apake chochote, watoto wafurahi. Alikuja. Alichanganya rangi vizuri kama zamani, akajaribu kwenye kidole, akasimama mbele ya ukuta ameshika burashi. Nilikwenda kuwapa watoto uji. Niliporudi alikuwa ameketi sakafuni, ukuta mtupu, na rangi kwenye kopo imeanza kufanya ngozi juu.

"Nikichora twiga," aliniambia, "watauliza ni wa nini."

Nilimwambia watoto hawaulizi hivyo. Nikachukua burashi, nikaupaka ukuta wote njano, mara ya kwanza na mara ya pili, naye akiniangalia. Adhuhuri ilipoadhiniwa tulinawa rangi kwenye bomba la nje, tukaenda nyumbani.